Jani Linalosema na Ua Lililochorwa: Uhakiki wa Ua kama Mada ya Sanaa katika Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nafasi ya ua kama mada ya sanaa katika miteremko ya Kilimanjaro, kwa kuilinganisha na nafasi yake katika ushairi na mapambo ya Waswahili wa pwani, na katika michoro ya wasafiri kutoka Ulaya. Hoja inayojibiwa ni ile ya Jack Goody (1993) kwamba utamaduni wa maua haukustawi katika sehemu kubwa ya Afrika kwa sababu ya kilimo cha jembe la mkono na uchache wa matabaka yenye anasa. Makala yanakubali kwamba ua halikuwa mada kuu ya sanaa ya Wachaga, lakini yanakataa maelezo hayo ya kiuchumi. Yanadai kuwa jamii hiyo ilikuwa na mmea wake wa kusemea, nao ni isale, ambalo nguvu yake imo katika kutonyauka. Mwishoni makala yanasoma upya shada la plastiki la makaburini, ambalo kwa kawaida hudharauliwa, kama ua lililopewa kazi ya isale.

1.0 Utangulizi

Ua ni miongoni mwa mada zenye umri mrefu katika sanaa za dunia. Yungiyungi lilichongwa kwenye vichwa vya nguzo za mahekalu ya Misri ya kale. Wachoraji wa China waliukuza utanzu mzima wa picha za maua na ndege. Waholanzi wa karne ya 17 walichora vyungu vya maua kwa ufundi mkubwa, na mara nyingi petali iliyodondoka mezani ilimkumbusha mtazamaji kwamba naye atadondoka. Katika mikondo hiyo ya Ulaya ua lilikuwa njia ya kuzungumza juu ya wakati unaopita, na kwa sababu hiyo uzuri wake na kunyauka kwake vilichorwa pamoja.

Mhakiki anayepanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Old Moshi, Kilema au Marangu akiwa na kipimo hicho mkononi hukabiliwa na jambo la kushangaza. Mlima una maua mengi. Mwituni kuna aina ya Impatiens kilimanjari, yenye ua jekundu na la manjano, ambayo haioti kiasili popote pengine duniani. Juu zaidi kuna lobelia na seneshio zenye kimo cha kuwashinda watu. Vihambani, kahawa huchanua meupe baada ya mvua. Hata hivyo, katika mapokeo ya sanaa ya wenyeji ua halishiki nafasi inayolingana na wingi huo. Mmea unaotajwa, kupandwa kwa makusudi, kushikwa mkononi na kuheshimiwa ni isale, nalo huheshimiwa kwa jani lake.

Je, huo ni upungufu wa hisia za uzuri, au ni uchaguzi? Swali hili lina uzito kwa mhakiki wa sanaa za Kiswahili na za jamii jirani, kwa kuwa jibu lake huamua kama miteremko ya Kilimanjaro itasomwa kama mahali pasipo na sanaa ya mimea, au kama mahali ambapo sanaa hiyo imeandikwa kwa hati nyingine. Makala haya yanatumia misingi ya nadharia ya simiotiki, hasa tofauti aliyoiweka Charles Sanders Peirce kati ya ikoni, yaani alama inayofanana na kitu. Kielekezi, yaani alama inayogusana na kitu. Na ishara, yaani alama inayopata maana kwa mapatano ya jamii.

2.0 Swali la Goody na Mlima Unaolikataa Jibu Lake

Katika kitabu chake The Culture of Flowers (1993), mwanaanthropolojia Jack Goody wa Chuo Kikuu cha Cambridge alianza kwa kuuliza iwapo Afrika haina maua. Goody alikuwa amefanya utafiti wa muda mrefu kaskazini mwa Ghana, na alichokiona ni kwamba maua ya kupandwa hayakutumika sana katika ibada, zawadi, mapambo wala michoro, tofauti na alivyoona katika historia ya Asia na Ulaya. Maelezo yake yalikuwa ya kiuchumi na kijamii. Utamaduni wa maua, alidai, hustawi pale penye kilimo cha tija kubwa, ziada ya chakula na tabaka la watu wanaoweza kutenga ardhi na nguvukazi kwa ajili ya kisicholiwa.

Hoja hii haina dharau ndani yake, na ndiyo sababu inastahili kujibiwa kwa makini. Goody hakusema kwamba Mwafrika haoni uzuri. Alitafuta sababu za kihistoria. Tena pwani ya Afrika Mashariki inamuunga mkono, kama itakavyoonekana katika sehemu inayofuata: miji yenye biashara, matabaka na majumba ya mawe ndiyo iliyokuza ushairi na mapambo ya maua.

Tatizo linajitokeza Kilimanjaro. Kama sababu ni udhaifu wa kilimo na kukosekana kwa matabaka, basi miteremko ya kusini ya mlima huu ingepaswa kuwa bustani ya maua tangu zamani. Wachaga walijenga mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji kutoka mito ya mlimani hadi vihambani. Walifuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani na kurutubisha migomba kwa samadi. Kihamba kina ghorofa za mimea: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa na mazao mengine chini. Kuhusu matabaka, kila eneo lilikuwa na Mangi wake, na Mangi kama Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliendesha siasa na biashara na misafara ya pwani. Mazingira yote anayoyahitaji Goody yalikuwapo, lakini ua halikupanda ngazi ya kuwa mada kuu.

Kwa hiyo Goody anapata jambo na kukosa sababu yake. Kilimanjaro kinaonyesha kwamba ziada na utawala havitoshi kueleza kwa nini jamii moja huimba ua na nyingine huinua jani. Ni lazima kuuliza swali la kifani: jamii hiyo ilitaka mmea useme nini?

Jibu la swali hilo halimo katika madai kwamba wenyeji hawakuliona ua. Mkulima wa kahawa ni msomaji wa maua kwa sababu za wazi. Kahawa ya arabika huchanua baada ya mvua kuvunja kiangazi. Maua yake meupe yenye harufu inayokaribia ya asumini hudumu siku chache tu, na matunda huiva baada ya miezi saba hadi tisa hivi. Tangu wakulima wa mlimani walipojiunga katika chama chao cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na hata kabla, kuchanua huko kulikuwa habari ya ada za shule, mabati na madeni. Kwa istilahi za Peirce, ua la kahawa ni kielekezi: linaonyesha mavuno yanayokuja. Hutazamwa kwa shauku, kisha huachwa lidondoke, kwa kuwa kinachosubiriwa ni tunda.

3.0 Ua la Pwani: Kutungwa, Kunukia, Kunyauka

Ili kuuelewa uchaguzi wa mlimani, ni vema kuanza na jamii ambayo ililichagua ua. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake mwenendo wa maisha ya ndoa, na miongoni mwa mambo anayomwelekeza ni kutunga asumini na kuziweka kitandani. Wahakiki wengi wameusoma wosia huo kwa jicho la dini au la jinsia. Ukisomwa kwa jicho la mimea, unafunua jambo jingine: ua linaonekana katika mkono unaofanya kazi. Asumini huchumwa, hutungwa, hutandazwa. Mtungaji hamwombi msomaji alitazame ua. Anamfundisha mwanamke namna ya kulitumia.

Mapokeo ya kikuba yanaonyesha hivyohivyo. Kikuba hufungwa kwa majani na maua yanayonukia, kama vile rehani, mkadi na asumini, kisha huvaliwa mwilini. Kilua, ua dogo lenye manukato makali, limeheshimiwa kwa harufu yake kuliko kwa sura yake. Hapa ua ni kielekezi cha aina ya pekee: harufu hugusana na mwili wa aliyelivaa na kumfikia asiyemwona. Ndiyo maana katika nyimbo za mapenzi za pwani, taarabu ikiwamo, ua likawa jazanda ya mpenzi aliye karibu lakini hajashikwa. Uzuri wa jazanda hiyo hutegemea muda mfupi. Asumini iliyotungwa jioni huwa imenyauka asubuhi, na kesho yake sharti itungwe nyingine.

Hata hivyo, pwani hiyohiyo ilifahamu pia ua lisilonyauka. Milango ya nakshi ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ina maua yaliyochongwa kwenye mbao ngumu, katikati ya minyororo na mimea inayotambaa. Ua la mlangoni halinukii wala halimsifu mtu mmoja. Linaisifu nyumba, nalo limepewa umri wa nyumba. Kadhalika khanga hubeba maua katika mji wake, lakini kauli yenyewe hubebwa na jina, yaani maneno yaliyochapwa chini. Khanga ya maua isiyo na jina hupendeza. Yenye jina husema. Waswahili basi waliligawa ua katika matabaka mawili: lile la mwilini, ambalo ni la usiku mmoja, na lile la mbao na nguo, ambalo linadumu lakini linahitaji nyumba au neno ili lipate maana kamili. Mgawanyo huu utahitajika tena makala yatakapofika makaburini.

4.0 Ua Lililochorwa: Jicho la Msafiri na Majina ya Kilatini

Ua la Kilimanjaro liliingia katika sanaa ya picha kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1884 Harry Johnston, Mwingereza aliyewahi kusomea uchoraji, alifika Moshi kwa Rindi na kukaa mlimani kwa miezi kadhaa akikusanya mimea na wanyama. Kitabu chake cha mwaka 1886 kuhusu safari hiyo kilipambwa kwa michoro yake mwenyewe. Mimea aliyokusanya ilipelekwa katika bustani ya Kew, ambako Daniel Oliver aliieleza kisayansi na kuipa majina. Seneshio mojawapo ikaitwa Senecio johnstonii.

Huo haukuwa mfano wa pekee. Lobelia deckenii inamkumbuka Karl Klaus von der Decken, aliyefika mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1860. Helichrysum newii inamkumbuka Charles New, mmisionari aliyefikia mpaka wa theluji mwaka 1871. Helichrysum meyeri-johannis inamkumbuka Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889. Jina hili la mwisho lina funzo la kifasihi. Neno johannis ni Hans aliyegeuzwa kuwa Mlatini. Marangu, hata hivyo, inamkumbuka Yohani mwingine, Yohani Kinyala Lauwo, ambaye masimulizi ya huko yanamtaja kama mwenyeji aliyeiongoza njia ya Meyer. Msomaji wa Marangu akikutana na jina hilo la ua ana kila sababu ya kudhani limemtaja Lauwo. Halikumtaja. Majina mawili ya asili moja yamekutana kwenye petali, na moja tu ndilo lililoandikwa.

Picha ya mmea ya kisayansi ina fani yake, na fani hiyo inapaswa kuhakikiwa kama nyingine yoyote. Mmea huwekwa juu ya karatasi nyeupe, bila udongo, bila kivuli cha mti jirani, bila mtu. Ua hupasuliwa na kuchorwa kando ili sehemu zake zionekane. Faida yake ni kubwa: mtu aliye London anaweza kuutambua mmea wa Marangu. Gharama yake ni kwamba mmea unakuwa ikoni tupu. Unafanana na kila mmea wa spishi yake na haugusani na mahali popote. Hakuna atakayejua kwa kuitazama karatasi hiyo kama mmea ulichumwa mwituni, kando ya mfongo au juu ya kaburi la mtu.

Mchoraji aliyeifikisha fani hii mbali zaidi katika Afrika Mashariki ni Joy Adamson, ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa habari za simba. Alianza kuchora maua kwa bidii katika msafara wa mwaka 1938 kwenye vilima vya Chyulu nchini Kenya, vilima ambavyo vinatazamana na Kilimanjaro, akitiwa moyo na mtaalamu wa mimea Peter Bally. Mwaka 1947 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza. Michoro yake ina uhai unaozidi mahitaji ya sayansi: shina hupinda kwa uzito wake, na jani lililoliwa na mdudu huachwa na tundu lake. Hata hivyo, weupe wa karatasi unabaki. Ni sifa ya kazi hizo kwamba zinapendwa, na ni mpaka wake kwamba hazimwonyeshi mtu aliyeishi na ua hilo kabla halijachorwa.

Si wageni peke yao walioufuta ukanda wa watu. Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa jijini Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, umekuwa sura ya sanaa ya Tanzania machoni pa wageni, na maduka ya Moshi huuza picha zake kwa wapanda mlima. Mtindo huo hauna uhaba wa maua. Mara nyingi hujaza nafasi kati ya ndege mmoja na mwingine, na ufundi wa rangi zake ni wa kuheshimiwa. Lakini Kilimanjaro kinapochorwa ndani yake, mara nyingi jicho huruka kutoka kwa tembo na migunga ya tambarare moja kwa moja hadi kwenye theluji. Kati ya tambarare na theluji ndiko kulikolala migomba, kahawa, makanisa, makaburi na masale. Picha inayouzwa Moshi kwa jina la mlima huwa na mlima usio na Moshi.

5.0 Isale: Jani kama Matini

Isale, kwa wingi masale, ni mmea wa jamii ya Dracaena unaopandwa katika miteremko yote ya Uchagani. Matumizi yake makuu yanajulikana na kila mwenyeji, na yanajitokeza pia katika maandishi kuhusu sheria za Wachaga ya Bruno Gutmann (1926), mmisionari wa Kilutheri aliyeishi mlimani kwa miongo kadhaa. Kwanza, masale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Pili, mtu aliyekosa hupeleka isale kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito lisilofanywa kirahisi. Tatu, masale hupandwa mahali pa wafu, kwa kuwa Wachaga huzikana ndani ya kihamba.

Maelezo ya kiethnografia huishia hapo kwa kawaida: matumizi matatu, orodha imekamilika. Uhakiki wa fasihi unaweza kwenda mbele kidogo kwa kuuliza matumizi hayo yanahusianaje. Kwenye mpaka, isale hutenganisha: huku ni kwako, kule ni kwangu. Mkononi mwa mwombaji msamaha, jani hilohilo huunganisha: linavuka mpaka ambao ugomvi umeuweka. Kaburini hufanya yote mawili, kwa maana linamtenga marehemu na walio hai na wakati uleule linambakiza ndani ya shamba la wanawe. Maana basi haimo ndani ya jani peke yake. Imo katika mkono unaolishika, mahali linaposimama na nani anayelitazama. Hiyo ndiyo sifa ya matini ya utendaji katika fasihi simulizi: methali moja ikitamkwa na mzee barazani na ikitamkwa na kijana sokoni haziwi kauli moja. Isale ni ishara kwa maana ya Peirce, kwa kuwa nguvu yake imetokana na mapatano; lakini pia ni kielekezi, kwa kuwa linagusana na udongo wa mpaka na udongo wa kaburi.

Kwa nini jani na si ua? Pendekezo la makala haya ni kwamba sababu imo katika wakati. Isale halikauki upesi. Kipande chake kikikatwa na kuchomekwa ardhini hushika. Mmea huishi miaka mingi bila kupoteza kijani chake. Jamii iliyoandika mipaka, mapatano na nasaba kwa mimea haikuweza kuziandika kwa kitu kinachonyauka kesho. Mpaka wa asumini si mpaka. Msamaha uliotolewa kwa ua ungekuwa msamaha wa siku mbili. Ua hufaa kusema kwamba jambo linapita, na ndivyo lilivyotumika katika vyungu vya Waholanzi na katika vitanda vya pwani. Isale hufaa kusema kwamba jambo limesimama.

Kuna ushahidi mmoja wa kushangaza ndani ya jina lenyewe la kisayansi. Mojawapo ya spishi zinazopandwa sana vihambani huitwa Dracaena fragrans, yaani yenye kunukia. Jina hilo limetokana na maua yake, ambayo ni meupe, hujitokeza katika mashada na hunukia sana usiku. Isale basi lina ua, tena zuri. Mwanabotania alipoutazama mmea huo alivutwa na ua lake. Mchaga alivutwa na jani. Mmea ni mmoja, masomo ni mawili. Hapa ndipo dai la kwamba mlimani hapakuwa na hisia za uzuri wa mimea linapopoteza nguvu, kwani ua lilikuwapo mpakani, usiku kucha likinukia, na bado jamii iliamua kusema kwa jani.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba isale ni chombo cha sheria, si sanaa, na kwamba Goody alizungumzia uzuri usio na manufaa. Lakini kipimo hicho kikitumika kwa haki, kitaondoa karibu kila kitu. Kikuba kina manufaa, mlango una manufaa, na ua la madhabahuni lina kazi yake. Zaidi ya hayo, miteremko ya Kilimanjaro ni miongoni mwa maeneo ya vijijini yenye watu wengi zaidi Tanzania, na kihamba hugawanywa kwa wana hadi kinakuwa kidogo sana. Kutenga udongo wa namna hiyo kwa mmea usioliwa ni tendo la gharama. Kama anasa hupimwa kwa kile ambacho jamii iko tayari kukipa ardhi yake adimu bila kutarajia chakula, basi mstari wa masale ni mojawapo ya anasa kubwa za Mchaga, ingawa yeye mwenyewe huiita heshima.

6.0 Kutoka Madhabahuni hadi Shada la Plastiki

Ua la ibada lilipanda mlimani pamoja na misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha kituo Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893. Pamoja na sala, shule na kahawa yalikuja madhabahu yaliyopambwa na litania inayomwita Bikira Maria kwa jina la waridi. Katika mapokeo hayo ua ni ishara ya usafi, nayo ni maana ambayo isale halikuwa nayo na ambayo pwani ilikuwa nayo kwa namna nyingine kabisa.

Fasihi ya Kiswahili imeihoji ishara hiyo kwa ukali katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971). Mandhari yake ni ya Ziwa Viktoria na si ya Kilimanjaro, lakini inahusu jamii yoyote iliyopokea waridi la litania. Rosa amepewa jina la ua lisilo na doa, kisha amelelewa kwa ukali unaomfanya asijue namna ya kuishi nje ya ulinzi wa baba yake. Anapokataliwa na mchumba kwa kukosa ubikira, jina lake linakuwa hati ya mashtaka. Kezilahabi anaonyesha hatari ya kumfanya binadamu kuwa ua: ua likishapoteza usafi, halina njia ya kurudi. Ni hapa ulinganisho na isale unapopata uzito wa kimaadili. Isale lipo kwa ajili ya mtu ambaye tayari amekosa. Linachukulia kwamba doa litakuwapo, na linatoa njia ya kuliondoa. Waridi la litania linamsifu asiyeanguka. Isale linamngoja aliyeanguka aje nalo mkononi.

Leo mapokeo yote mawili hukutana kaburini. Mwishoni mwa maziko ya mlimani, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, washereheshaji huita jamaa kwa zamu kuweka mashada ya maua: mjane au mgane, watoto, wajukuu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu. Mashada mengi ni ya plastiki. Mhakiki mwenye kipimo cha Ulaya atayaona kuwa ni upotofu wa ladha, kwa kuwa ua lisiloweza kufa limepoteza lile ambalo ua lilikuwa likilisema juu ya kifo. Lawama hiyo ina mantiki ndani ya mapokeo yake, na kuhusu mazingira ina haki kabisa, kwa kuwa plastiki hiyo huchanika na kubaki udongoni.

Hata hivyo, kwa mantiki ya mlima shada hilo linasomeka vingine. Waombolezaji wameipokea sura ya ua kutoka kanisani na mjini, lakini wamelidai kazi ya isale: lisimame, lisinyauke, lishuhudie. Utaratibu wa kuweka mashada kwa zamu nao ni tamko la nasaba na mipaka, kwa sababu mpangilio wa majina hutangaza nani ni nani kwa marehemu, na mtu akisahaulika hapo ugomvi waweza kudumu miaka. Shada la plastiki basi si ua lililoshindwa kufa. Ni jani lililovikwa sura ya ua. Linarithi pia ua la mlangoni pwani, ambalo fundi alilipa umri wa nyumba. Tofauti ni kwamba isale la kweli, likiwa limepandwa hatua chache kutoka hapo, linaifanya kazi hiyo vizuri zaidi: plastiki hupauka kwa jua, ilhali isale huendelea kukua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la Goody lina msingi, lakini jibu lake halivuki mifongo ya Kilimanjaro. Kilimo cha tija, ziada na utawala vilikuwapo, na bado ua halikuwa mada kuu ya sanaa, kwa sababu jamii ilihitaji mmea wa kusemea mambo yanayodumu. Pwani ilichagua ua kwa mambo ya usiku mmoja na kulichonga kwenye mbao lilipohitajika kudumu. Mlima ulichagua jani. Michoro ya wasafiri ililiokoa ua kutoka kwenye usahaulifu wa dunia, lakini ilifanya hivyo kwa kuling'oa kutoka kwa watu wake na kulipa majina ya waliopita njia.

Hali haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoieleza jenasi ya ule mti wa pwani unaotoa kilua, aliuita Mkilua fragrans. Jina la Kiswahili likaingia katika Kilatini bila kubadilishwa herufi. Sayansi iliweza kumsikiliza aliyelitumia ua kabla ya kulichora, na hilo ni jibu tosha kwa wanaodhani majina ya mlimani yasingeweza kuwa mengine.

Kwa watafiti, athari za hoja hii ni mbili. Ya kwanza ni ya kimbinu: uchunguzi wa mimea katika sanaa za Afrika Mashariki usianze kwa kutafuta picha ya ua, bali kwa kuuliza ni mmea gani unaosema, kwa nani na kwa muda gani. Ya pili ni ya urithi. Mipaka ya vihamba inapogeuzwa kuwa kuta za matofali, na masale kung'olewa ili kupisha msingi wa ukuta, ardhi hubaki na mwenyewe, lakini msamaha hupoteza mahali unapochumwa. Ukuta unaweza kutenganisha vizuri kuliko isale. Hauwezi kukatwa kipande na kupelekwa kwa jirani.